Nilivyopeleka Darasa Langu kwa Fundi wa Milango

Mimi ni mwalimu wa elimu maalum hapa Mombasa. Nimefundisha watoto wasiosikia, wasioona na wenye ulemavu wa viungo, wengine katika vitengo vilivyo ndani ya shule za kawaida, wengine wakikaa dawati moja na wenzao wasio na ulemavu. Jumamosi na siku za likizo huwapeleka kwa mafundi wa Mji wa Kale wakajifunze kazi za mikono zilizoupa mji huu sura yake. Naulizwa mara kwa mara imekuwaje mwalimu wa watoto wenye ulemavu akajiingiza katika mambo ya turathi. Jawabu langu ni kwamba kazi hizi zinakufa kwa kukosa warithi, na warithi tunao. Tumewaficha nyumbani.

Ukipita Ndia Kuu ukashukia Kibokoni utaona milango ambayo wageni huipiga picha bila kujua inavyoshikana. Mlango wa nakshi una miimo miwili, kizingiti cha chini unachokiruka ukiingia, na kizingiti cha juu kinachobeba nakshi nyingi, mara nyingine aya ya Kurani au mwaka uliochongwa. Katikati, pale mbao mbili zinapokutana, umesimama mfaa kuziba mwanya. Fundi niliyemwendea alijifunza haya kwa babake, na babake alijifunza kwa ami yake. Wanawe mwenyewe wamekwenda Ghuba na Nairobi kutafuta maisha, na siwalaumu. Mlango wa kuchonga kwa mkono huchukua miezi, na mteja hutaka kulipa bei ya mlango wa kiwandani. Alinisimulia hayo tukiwa tumeketi barazani kwake, patasi zake zimefungwa ndani ya kipande cha leso kuukuu. "Mwalimu," akaniambia, "hizi nikifa zitauzwa kwa kilo, chuma chakavu."

Nikamwomba anipokelee wanafunzi wangu. Aliponiuliza watazungumza vipi, nikamwambia hawasikii, lakini macho na mikono wanayo. Akakubali kwa sharti moja: mzazi wa kila mtoto aje mwenyewe amkabidhi mwanagenzi, kama ilivyokuwa desturi. Nililiona sharti dogo. Kumbe ndilo lililobadilisha mambo kuliko mpango wowote niliouandika. Baba mmoja wa Jomvu hakuwahi kukanyaga shuleni kwetu tangu bintiye aandikishwe; barua zetu zote zilijibiwa na mama mtu. Kwa fundi alikuja, amevaa kanzu ya Ijumaa, akamwamkia mzee shikamoo, akasema, "Ami, nimekuletea mwanao." Binti hakusikia neno, lakini alimwona babake akimshika mkono mbele ya watu na kumtaja kuwa ni wake. Shule humwita mzazi ili imwambie matatizo ya mtoto. Desturi ya kukabidhi mwanagenzi ilimwita ili mtoto apewe nafasi. Tangu hapo, kwenye kitengo chetu, hatuandikishi mtoto kwa fomu peke yake. Mzazi humleta, tunakaa naye, tunampokea mtoto mbele ya wenzake.

Kufundisha kwenyewe kulitaka kupangwa upya. Fundi alizoea kusema huku anachonga. Kwa mwanagenzi anayesikia hilo halina taabu, sikio linapokea maelezo na jicho linafuata patasi. Asiyesikia ana jicho tu kwa kazi zote mbili. Akiitazama mikono ya anayemtafsiria, patasi imeshapita. Akiitazama patasi, maelezo yamempita. Ikabidi mzee asimamishe kazi, aeleze, angoje macho yarudi kwenye mbao, ndipo apige nyundo. Alilalamika kidogo mwanzoni kuwa anacheleweshwa. Baadaye aliniambia hata wanagenzi wake wanaosikia wamepunguza kuharibu mbao, kwa sababu sasa kila hatua wanaiona imekatwa peke yake. Ninapoambiwa kwamba elimu jumuishi ni kuwachelewesha wengi kwa ajili ya wachache, nawataka watu waende wakakae katika karakana ile nusu siku.

Kulikuwa na kazi nyingine ya lugha. Lugha ya Alama ya Kenya ni lugha kamili, na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iikuze pamoja na lugha za kiasili na breli. Lakini wanaoitumia hawakuwahi kuingizwa kwenye karakana za nakshi, kwa hiyo vifaa na viungo vingi vya mlango havikuwa na ishara niliyoijua. Tulianza kwa kutaja herufi moja moja kwa vidole, na mikono ikachoka. Watoto wakatengeneza zao. Mikono miwili ikisimama wima mbele ya kifua ni miimo. Mkono mmoja ukilazwa juu ya mwingine uliosimama ni kizingiti cha juu. Kidole cha shahada kikishuka katikati ya kifua ni mfaa. Mzee alizishika upesi kuliko mimi. Siku hizi akitaka patasi nyembamba haiti mtu. Huinua mkono, na hata mwanagenzi anayesikia humletea.

Lakini kilichonifunza zaidi ni bikari. Binti wa Jomvu alikuwa akianguka hesabu muhula baada ya muhula, na kwenye ripoti yake mtu aliandika kwamba hawezi kufikiri mambo yasiyoshikika. Siku moja mzee alichora duara juu ya ubao wa mwembe. Bila kuugusa upana wa bikari, akaweka ncha mahali popote kwenye mzingo akapiga tao, akahamia pale tao lilipokata mzingo akapiga jingine, akaendelea hivyo mpaka akarudi alipoanzia. Yalikuwa matao sita, barabara, hayakuzidi wala kupungua, na katikati likatokea ua la petali sita kama yale yaliyo kwenye vizingiti vya mtaa mzima. Binti akayafuta. Akarudia kwa duara dogo, akarudia kwa duara kubwa lililojaa ubao. Kila mara sita. Akanigeukia na ishara ya kuuliza, nyusi zimekunjamana: kwa nini?

Swali hilo hakuna ripoti iliyomtarajia kuliuliza. Jumatatu tukalipeleka darasani, tukaunganisha ncha kwa rula, tukazipata pembetatu sita za pande sawa zilizokaa ndani ya duara, kila pembe digrii 60, na sita za namna hiyo zikikutana kitovuni zinatimiza 360. Alieleza mwenyewe mbele ya darasa lenye watoto wanaosikia na wasiosikia, mimi nikitafsiri kwa sauti. Mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa 2017 unataka mtoto ajifunze kwa kutenda na kwa kutumia mazingira yake. Ni maneno mema sana. Yanangoja tu mwalimu aamue kwamba karakana ya Kibokoni nayo ni mazingira ya hesabu.

Wasioona niliwapeleka Fort Jesus. Wanafunzi wengi wa Mombasa wanaijua ngome hii kwa tarehe za mtihani: Wareno waliijenga 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi ilipoanguka 1698, Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958, makumbusho yakafunguliwa 1960, na 2011 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Mtoto asiyeona anaweza kuyakariri hayo yote asijue amesimama wapi. Tulianza na kuta. Vidole vyao viligundua kitu ambacho wenye macho hupita bila kukijali, kwamba jiwe lina vitundu na vipande vya kombe ndani yake. Mmoja akasema, "Mwalimu, hili jiwe limetoka baharini." Ndivyo lilivyo. Ngome na nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe.

Umbo la ngome ndilo lililotushinda. Imechorwa kwa kufuata mwili wa mwanadamu, kiwiliwili na viungo vyake, na hilo ni moja ya mambo yaliyoipa hadhi. Hata mwenye macho mawili akisimama uani haoni umbo hilo, kwa kuwa linaonekana ukiitazama kutoka juu. Wanagenzi wasiosikia wakapewa ramani, wakachonga ngome ya mbao ya mwembe inayoenea mezani, na minara yake minne ya pembeni, San Felipe, San Alberto, San Mateus na San Mathias, mahali pake. Mvulana mmoja wa Likoni aliweka viganja vyote viwili juu yake, akaufuata mzingo wote polepole bila kusema, kisha akauliza, "Jela ilikuwa upande gani? Maana babu yangu alisema ndugu yake alifungwa humu." Kikundi cha watalii kilichokuwa karibu kiliomba kuigusa nacho. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya wasioona kiliwaelewesha ngome watu waliokuwa wameizunguka asubuhi nzima.

Si kila kitu kilikwenda laini. Turathi na ulemavu zina mahali zinapogongana, na pale hapafai kupitwa kwa maneno matamu. Tulikuwa na kijana anayetumia kiti cha magurudumu, na nyumba tuliyopewa kwa masomo ya Jumamosi ina kizingiti cha chini cha mbao nene. Ndugu wenye nia njema walishauri kikatwe. Mwenye nyumba akakataa katakata, na mimi nilikuwa upande wake, kwa sababu kizingiti kile kina umri kuliko sisi sote na kikikatwa hakirudi. Nilikuwa pia upande wa kijana, aliyechoka kubebwa na watu kama gunia. Wahifadhi wa majengo wana kanuni kwamba unachokiongeza kwenye jengo la kale kiweze kuondolewa bila kuliachia kovu. Fundi akaichukua kanuni hiyo. Mteremko salama wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kimo cha sentimita 15 kinadai njia ya urefu wa karibu mita 2. Kichochoro hakina upana huo. Basi wakatengeneza njia ya mbao ya vipande viwili vyenye bawaba, ikalazwa ubavuni mwa baraza, inakunjwa jioni na kuegemezwa ukutani. Kwa ndani wakaweka kipande cha pili cha kushukia. Aliyeipima na kuichora ni kijana mwenyewe wa kiti. Majirani wawili wenye wazazi wazee wameshaagiza za kwao, na hizo zililipwa pesa taslimu.

Mvulana wa Likoni, yule aliyeuliza habari za jela, alikuwa na hazina nyingine. Amelelewa na nyanya yake, na nyanya ni mtu wa tungo. Kijana anajua mashairi mengi kwa moyo. Ukikosea mizani mbele yake atakushika palepale, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Darasani aliandikwa dhaifu katika fasihi kwa sababu kitabu cha breli hakikuwahi kufika. Jambo hili linaniuma, maana mji huu ulihifadhi ushairi wake mkubwa kwa vichwa vya watu. Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, tunaye leo kwa kuwa watu waliendelea kuzikariri tungo zake baada yake, na Mwalimu Sikujua akazikusanya na kuzifafanua pamoja na William Taylor, mmisionari Mwingereza, mwishoni mwa karne ya 19. Kijana anayeshika shairi kwa kusikia anafanya kazi ile ile. Tulimketisha na nyanya yake na mashine ya breli, bibi anasema, yeye anapiga nukta. Karatasi zile sasa zinasomwa na watoto wengine wasioona, na nakala ya maandishi ya kawaida inasomwa na wenye macho. Yeye ndiye anayefundisha bahari za ushairi kwa darasa zima, wote pamoja, na akiwa mbele hapana anayesinzia.

Nizungumze kuhusu jambo jingine linalosemwa chinichini. Wapo walioniuliza kwa nini watoto wa Kigiriama, wa Kikamba au wa Kiluo wanafundishwa nakshi za Waswahili. Mombasa ninayoifundisha mimi haikujengwa na watu wa aina moja. Misitu ya Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, imo katika Urithi wa Dunia tangu 2008, miaka mitatu kabla ya Fort Jesus, na tunakwenda na watoto kuwasikiliza wazee wakieleza kwa nini mti haukatwi kule. Changamwe kuna wachongaji wa Kikamba ambao ushirika wao umelisha familia tangu miaka ya 1960. Kwao tulijifunza jambo ambalo kila fundi wa mbao pwani inampasa alijue, kwamba mpingo na muhuhu vilikatwa kupita kiasi mpaka wachongaji wakahimizwa kuhamia miti inayopandwa na kukua upesi, kama mwarobaini na mwembe. Fundi wetu alikuwa haugusi mwarobaini. Baada ya kukaa na wachongaji wa Changamwe siku nzima alirudi na magogo mawili, na sasa wanagenzi wote huanzia hapo kabla hawajapewa msaji. Mtoto wa Kigiriama aliyejifunza kwa wazee wa Kaya ndiye aliyewaeleza wenzake jinsi ya kuchagua mti bila kuumaliza msitu. Hapo sikuwa na haja ya kuendelea kujibu lile swali.

Umoja wa Mataifa ulipokubaliana Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, lengo la 4 lilihusu elimu bora iliyo jumuishi, na ndani yake shabaha ya 4.7 inataka wanafunzi wajue mchango wa utamaduni katika maendeleo. Shabaha ya 11.4 inataka turathi zilindwe. Semina nyingi nilizokaa huyaweka mambo hayo kwenye meza mbili tofauti. Na nimeona pia kwamba vyovyote utakavyoyapanga, mkono mtupu haulambwi. Kijana asipopata chake kwenye ufundi ataendesha bodaboda, na atakuwa na haki. Kwa hiyo tunatafuta kazi inayolipa mwaka mzima, na kazi hiyo ipo kwenye kuta. Nyumba za matumbawe zilipakwa chokaa, nayo huacha ukuta upumue, unyevu na chumvi vikatoka. Watu wengi wameziba kuta hizo kwa saruji. Unyevu ukakwama ndani, plasta ikapasuka na kuanguka vipande na jiwe nalo likaanza kuliwa. Kila masika simu zinapigwa. Tuna wanagenzi watatu, wawili wao hawasikii, wanaojua kubandua saruji bila kuumiza jiwe na kurudishia chokaa tabaka kwa tabaka. Chokaa nayo ina swali lake, kwa sababu zamani ilichomwa kwa matumbawe na kuni za mikoko, na hatuwezi kuponya ukuta kwa kuua bahari. Tunanunua chokaa ya mawe ya nchi kavu, na watoto wanaelezwa kwa nini.

Kinachotushughulisha sasa ni vyeti. Binti wa Jomvu amekwisha kuwa mkubwa, anachonga kizingiti cha juu peke yake kutoka mchoro hadi msasa, lakini mkandarasi wa kazi za umma hawezi kumwajiri kama fundi bila karatasi. Tumemwandikisha kwa mtihani wa ufundi wa serikali, gredi ya tatu, wenye sehemu ya kuandika na sehemu ya vitendo. Ofisi moja tuliyoiendea ilituambia mtahiniwa asiyesikia aje na mkalimani wake kwa gharama yake. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 24, kinachohusu elimu, hakisemi hivyo. Tumeandika barua, na tunaendelea kuandika. Wakati huohuo baba yake na wazazi wengine wamechanga, na mkalimani amepatikana. Shida yake ni kwamba anajua ishara za mahakamani na hospitalini, hajui za karakana. Kwa hiyo kila Jumamosi huja Kibokoni, huketi kwenye kigoda kando ya binti, na binti humfundisha miimo, mfaa, bikari na patasi, akimrudisha nyuma kila anapokosea, mpaka siku ya mtihani ifike.